Nimetia Mkono Kwenye Ugali

Wifi yangu Nyamizo wa Kaliua, hujambo na kelele zako? Nesi ananiandikia, nami namsimamia asipunguze neno.

Hapa Tabora kiangazi kinakausha hata mate mdomoni, lakini ile pumu ya ngozi iliyonipasua vidole imetulia! Daktari wa utafiti alisema wengine tunapewa dawa mpya, wengine mafuta tu, na hata yeye hajui nani kapewa nini. Nikamwambia, "Baba, wewe nipe nipake, mengine utayajua baadaye." Najipaka nikitoka kuoga, mwili ukiwa bado na maji.

Leo wagonjwa wenzangu waliweka ugali na mlenda katikati. Nikajitenga pembeni, nimeshika kijiko changu, kama mlivyonizoesha nyumbani. Mama mmoja wa Urambo akanifokea, "Bibi, ugonjwa huu hauambukizi, sogea!" Nikatia mkono. Chumvi haikuniuma hata kidogo! Nikala mpaka wakanicheka.

Wifi, najua uliogopa nitakuambukiza, na bado nakupenda, mchawi wewe. Nikirudi songa ugali mkubwa tule sahani moja, maana kile kijiko nimeshakigawa huku.

Wifi yako, Kabula