Kona ya Chai Kwenye Shimo la Sita

Jumamosi. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kukata masikio, kisha jua kidogo, na sasa mvua inapiga mabati. Nina kinyaa. Sina neno lingine.

Wameng'oa chai ya shimo la sita.

Kwa wewe usiyecheza gofu: kwenye kiwanja chetu kidogo huku Konoin, njia ya kufikia shimo la sita imepinda kama kiwiko, na ndani ya kona palikuwa na kipande cha chai. Mwoga alizunguka kwa mapigo matatu, bila aibu wala sifa. Anayejiamini alipiga juu ya chai akafika kwa mawili. Akikosea, mpira ulizama vichakani na siku yake ikaharibika. Aliyelichora shimo lile alikuwa na akili. Hakukulazimisha kitu, alikuachia uchague.

Mimi nilichagua chai miaka sita, na miaka sita nilizama. Mama Kemunto, anayechuma upande ule, ndiye aliyenirudishia mipira. Wachumaji walikuwa na desturi yao: ukivuka kona, wanakupigia vigelegele mpaka klabuni tunasikia.

"Vigelegele vyako bado nimeviweka, Mwalimu," alizoea kuniambia akicheka. "Siku utapitisha, watasikia mpaka Mogogosiek."

Halafu mwenyekiti wetu akapoteza mipira minne hapo mbele ya wageni wake kutoka Sotik. Tukaitwa kikao. Eti kona inasumbua wageni. Wanaokubali ing'olewe wanyooshe mikono.

Nilinyoosha.

Sijui nimchukie mwenyekiti kwa lipi, maana yeye angalau hakujificha. Mimi nilikuwa nimepoteza kombe kwenye kona hiyo wiki moja tu kabla ya kikao, na roho iliniuma. Nikajiambia kura yangu moja haitabadilisha chochote. Uongo mtupu.

Leo tumeshindania kombe tena. Pale penye chai pamebaki udongo mwekundu uliokauka juu, na mpira ukilala hapo unaruhusiwa kuuokota na kuuweka kwenye nyasi, bila adhabu. Sasa mtu ataogopa nini? Nikapiga juu ya kona, tena nikapiga vibaya, pigo la kutia aibu. Zamani lingezama. Leo mpira umedunda kwenye udongo, ukaruka, ukabingirika hadi karibu na bendera. Wenzangu wakanishika mkono kwa pongezi.

Mama Kemunto alikuwa amesimama ng'ambo, kikapu mgongoni. Nilimtazama kama mtoto anayengoja kusifiwa.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Hiyo hata ng'ombe yangu ingepitisha."

Akageuka akaendelea kuchuma.

Nilimaliza nikiongoza kwa pigo moja. Kilichobaki ni kutia sahihi kadi yangu ya kuhesabia mapigo na kuirudisha, kwa sababu kadi isiyo na sahihi haihesabiwi. Mwenyekiti alikuwa kando yangu, ananipigapiga bega, anasema si unaona kiwanja kimekuwa kizuri. Nikaweka kalamu chini nikaenda zangu nyumbani.

Kadi iko hapa mezani. Kombe wamempa mwingine.

Kikao kijacho nitasimama niseme nilinyoosha mkono kwa woga, na niombe chai irudishwe. Watanicheka. Miche ikipandwa leo, itachukua miaka kabla ya kufunga kona ile tena, na mimi magoti yameshaanza kulalamika.

Sawa. Nitazama nikiwa mzee.