Sauti ya Ndunge Kwenye TV

Kikima, Mbooni
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Muthama,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Habari ya Minnesota, na mgongo ulipona? Sisi tu wazima, isipokuwa hii baridi ya Julai. Ukungu haujaondoka tangu jana na maharagwe yamekataa kukauka.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini mama hagusi vipindi vya Marekani ulivyomlipia, anashinda na tamthilia za Kituruki. Ulicheka, ukasema Wamarekani hawana mambo ya kulia na kuzimia kila siku. Mama alikuwa karibu, sikuweza kukujibu.

Unakumbuka dada yetu Ndunge, kabla hajaugua, alikuwa na kazi Nairobi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia. Hakutuambia ni zipi. Basi mwezi wa tatu, baada ya yale mazishi yake uliyotazama kwenye simu, nilikuwa jikoni namenya viazi nikamsikia anaita sebuleni, "Mama, niko hapa." Kisu kiliniponyoka. Kuingia, nikaona mwanamke wa Kituruki, nywele nyekundu, anaongea kwa sauti ya Ndunge. Hata ile pumzi aliyokuwa akivuta kabla ya kusema jambo gumu ilikuwamo. Mama alikuwa amesimama mbele ya TV. Akamjibu, "Nakusikia, mwana wakwa, mwanangu."

Tangu hapo kila jioni alikuwa anaoga, anajifunga kitambaa cha kanisani, anaketi kumngoja. Jirani yetu Mama Gedion alituonya tuizime, eti tunakaribisha mizimu. Nikajaribu kumwekea vya Marekani. Ni vizuri, Muthama, magari yanafukuzana, watu wanachekesha, lakini kila mtu anaongea kwa sauti yake mwenyewe, Kiingereza chake. Mama akasema, "Hawa wamejaa. Hakuna nafasi ya mtoto wangu."

Majuzi yule mwanamke alifungua mlango akasema "Karibuni" kwa sauti ya mtu mwingine. Uso ni uleule, gauni ni lilelile. Nikajua hapo ndipo Ndunge alipolazwa, wakatafuta mwingine. Mama pia alijua. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe ni hapa alipochoka," kisha akaniambia nizime.

Sasa anatazama vya Marekani, sauti ikiwa chini kabisa. Wanaoongea hana haja nao. Anaangalia wale wanaopita nyuma yao barabarani. Juzi alinishika mkono, akanionyesha mwanamume wa koti refu akivuka theluji. "Si huyo ni Muthama?" Nilimwambia siye. Jana akamwona mwingine.

Kaka, nimeogopa. Anakutafuta palepale alipompata Ndunge. Panga uje, hata kwa wiki moja, akushike.

Msalimie shemeji Wanjiro na umpakate Kui kwa niaba yangu. Shangazi Nzisa anakusalimu sana. Mungu akutunze huko ugenini, akufungulie njia ya nyumbani.

Wako akupendaye,
dada yako Kalekye