Nusu Mita

Trondheim, 12 Oktoba

Baba yangu mpenzi,

Hujambo? Na goti nalo halijambo, au bado mnagombana kila baridi ikianza? Mimi mzima. Nakula, nalala, usiende kuniulizia kwa majirani.

Nimepata kazi kwenye duka la vifaa vya michezo. Wiki hii zimeingia kofia za timu yetu ya Olimpiki, na mimi ndiye ninayezipanga. Jana mama mmoja akaniuliza, "Na wewe dada unacheza nini?" Nikamweleza: asubuhi tunaruka kilimani na skii, mchana tunashindana mbio na skii nyingine, aliyeruka mbali anaondoka kwanza na wengine wanamfukuza. "Basi tutakuona Italia!" Nikamwambia wanaume wanaenda, lakini kwetu sisi wanawake huo ndio mchezo pekee wa majira ya baridi ambao Olimpiki haijatufungulia. Alicheka, akadhani namtania. Akanunua kofia mbili.

Sivert wa jirani ataenda. Nilikuwa namwacha nyuma mpaka analia, unakumbuka? Simwonei wivu. Uongo, namwonea.

Baba, nimeamua kuuza skii zangu za kuruka. Olimpiki nilijua haipo, nilikuwa natafuta timu ya taifa tu, na ile nafasi moja ya mwezi wa tatu mwenzangu Tiril aliichukua kwa sekunde mbili. Ulikuwepo, ulipima mwenyewe nilipotua, na jioni ukaniambia hesabu haina upendeleo. Basi nimeikubali hesabu. Mnunuzi anakuja tarehe 25.

Dirisha langu linatazama ukuta. Jioni naongea na birika la chai, nalo halina habari mpya. Nisalimie kilima.

Mwanao,
Sunniva


Kollbygda, 16 Oktoba

Mwanangu Sunniva,

Salamu kutoka kwangu na kwa goti, ambalo limenuna tangu Jumatatu. Barua yako nimeisoma mara nne. Nilishika simu mara tatu nikaiweka, maana kwenye simu ningeishia kuzungumzia kuni.

Usiuze skii.

Siku ile kamera ya kupimia iliganda, wakaturudisha sisi wazee kwenye mteremko kuonyesha kwa mkono mtu alipotua, kila mmoja na mita zake. Zangu zilikuwa themanini na nne hadi tisini. Miguu yako iligusa theluji kwenye tisini kamili. Niliiona kama ninavyoiona karatasi hii. Nikanyoosha mkono kwenye themanini na tisa na nusu.

Tiril hakunihonga, wala macho hayakunidanganya. Ulipokuwa na miaka tisa mtu mmoja alisema mbele ya watu, pale wanapouza kahawa, "Rahisi kushinda kama baba ndiye anayepima." Tangu siku hiyo kila uliporuka nilikukata nusu mita, asiwepo wa kusema kitu. Nikaiita haki. Mama yako aligundua akanikanya: "Torleif, kumwonea wako si haki, ni woga." Alipofariki hakubaki wa kunikanya.

Nusu mita ni pointi moja, na pointi moja mchana inakuwa sekunde nne. Ulishindwa kwa mbili. Nimeifanya hesabu hiyo kila siku tangu mwezi wa tatu, na kila siku inatoka vilevile. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na skii za kuuzwa.

Hukuwa pungufu, mama. Aliyepungua ni mimi.

Baba yako


Kollbygda, 30 Novemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Huku theluji imefika magotini, na langu moja halikuipokea vizuri.

Wiki sita sasa. Tarishi wa siku hizi anakuja siku moja na kukosa siku moja, kwa hiyo siku moja natumaini na siku moja napumzika.

Niliwaandikia wakubwa wa chama cha skii nikawaeleza nilichofanya. Wamejibu kwa adabu. Kupinga matokeo kunaruhusiwa ndani ya dakika kumi na tano baada ya kubandikwa. Mimi nimechelewa miezi minane. Tiril anabaki na nafasi yake, wala msichana huyo hana kosa.

Kitambaa cha upimaji nilichokuwa nafunga mkononi nimemrudishia Gudny, mwenyekiti wa klabu. Nilimweleza sababu. Kijiji kizima sasa kinajua, na hakuna anayenitukana. Dukani wananiambia habari za hali ya hewa tu. Afadhali wangenitukana.

Hata kama umeuza skii, niandikie kwamba umeuza.

Baba


Trondheim, 6 Desemba

Baba,

Sikuulizi hali.

Nilijua. Mtu anayeruka anajua alipotua. Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilikuwa naongeza nusu mita kichwani kila jioni kabla ya kulala, nikidhani baba wote wapimaji ndivyo wanavyofanya. Nilipokua nilifikiri umeacha. Siku ile miguu yangu iliniambia tisini. Nikatazama mkono wako. Nikauamini mkono, nikaacha kuiamini miguu. Miezi saba, mpaka barua yako ya Oktoba, nilikaa hapa nikijiambia sijui kitu, sijui hata ninapotua.

Wakubwa wa Olimpiki wanasema sisi ni wachache, hatutazamwi sana, tusubiri, wataangalia tena. Sawa, hao hawanijui. Wananifungia mlango kama wanavyomfungia mtu yeyote wa njiani. Wewe ulinifungia ukiwa ndani ya nyumba, na ulikuwa unasikia nabisha.

Na ukaniambia hesabu haina upendeleo! Ulikuwa unakata viazi uliposema hivyo. Hukunitazama.

Krismasi sitakuja. Usipige simu.

Sunniva


Kollbygda, 26 Desemba

Sunniva,

Sikupiga simu.

Nilipika mbavu za nguruwe kama kawaida, na ngozi ikakauka vizuri mara hii, mwaka ambao hakuna wa kuisifu. Niliweka sahani mbili kwa mazoea. Nikaiacha ya pili, kuiondoa kulinishinda.

Sina la kujitetea. Nilitaka tu ujue kwamba kosa langu naliona. Kwamba ni woga, mama yako alisema kweli. Niliogopa mdomo wa mtu mmoja kwenye meza ya kahawa kuliko nilivyokuogopa wewe, kwa sababu wewe ulikuwa unanipenda, na anayekupenda unadhani atavumilia tu.

Nakukosa. Nyumba ni kubwa mno.

Baba


Kollbygda, 12 Februari

Sunniva,

Huenda hufungui barua zangu. Naandika hivyo hivyo.

Jana tulijaa nyumba ya klabu kumtazama Sivert kwenye Olimpiki. Gudny alichoma keki zake bapa kwenye chuma, tukazila na jibini ya kahawia. Aliruka vizuri, kwenye mbio akaishiwa, akamaliza wa kumi na nne. Tulimpigia makofi kama bwana harusi. Baadaye mtangazaji akamuuliza nani alimfundisha kuruka. Akasema, "Sunniva wa Torleif. Alikuwa ananicheka mpaka nikaona heri niruke nife."

Watu wakacheka. Kisha wakageuka kunitazama, na kicheko kikakatika. Nikavaa koti nikatoka. Nilisimama chini ya kilima peke yangu, hapo ulipokuwa ukivua kofia ya chuma na nywele zote zimesimama.

Tarehe 14 mwezi wa tatu ni mashindano ya klabu. Kamera haijatengenezwa. Gudny anataka nipime, anasema hana watu. Nimekataa.

Baba


Trondheim, 1 Machi

Baba,

Barua zote nimezifungua.

Skii sikuziuza. Mnunuzi alikuja, akazishika, akazipenda, nikamwambia ya kushoto ina ufa. Haina.

Nimejiandikisha kwa tarehe 14. Wanawake tuko watatu: mimi, Tiril na binti mmoja wa miaka kumi na saba. Watatu tu, na ndiyo maana wakubwa wanatuambia tusubiri, na kwa sababu tunasubiri ndiyo maana tuko watatu.

Gudny ameniambia umekataa. Usikatae. Simama kwenye mita zako. Nataka kuruka na kuuona mkono wako mahali miguu yangu ilipogusa. Usipunguze. Na usiongeze, Baba. Nakujua, utataka kunilipa. Ukiongeza hata kidogo nitajua, na hapo tutakuwa tumemalizana kweli.

Usije kuniongelesha. Nitaruka, nitakimbia, nitapanda gari, niondoke.

Sunniva

Goti linaendeleaje?


Kollbygda, 15 Machi

Sunniva,

Goti halijambo, asante kwa kuliuliza.

Sikukuongelesha. Ulipita karibu yangu na skii begani, ukatazama theluji. Nilitaka kukwambia umekonda.

Tiril aliruka kwanza, akatua kwenye tisini, nikamwonyesha tisini yake. Kisha ukaja wewe. Nimekupima tangu una miaka saba, lakini safari ile nilihesabu alama za mita mara mbili. Ulitoka vizuri, upepo ukakuacha mapema. Nikasema moyoni, fika tisini, mama, fika tisini. Miguu ikagusa themanini na nane na nusu.

Sunniva, niliiona themanini na tisa. Ilikuwa pale, shibiri mbili tu. Nusu mita ile ile niliyokuibia, imelala kwenye theluji, inaniambia nirudishie. Nani angejua? Mzee wa juu yangu alikuwa anapenga kamasi. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko gogo.

Nikaunyoosha kwenye themanini na nane na nusu. Ukageuka ukanitazama, kisha ukaenda.

Mchana nilisimama kwenye kona ya msituni, pasipo watu. Mlipita, Tiril mbele na wewe ukimkaribia hatua kwa hatua. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Sijui kama ulisikia. Nilipofika kwenye mstari wa kumalizia walikuwa wameshabandika matokeo: umeshindwa kwa sekunde tatu. Gari lako halikuwepo. Nikasoma karatasi ile dakika kumi na tano zote, mpaka muda wa kupinga ukaisha.

Kama ningeongeza ungeshinda. Nimerudi nyumbani nikakaa jikoni na koti mwilini. Safari hii nilisema kweli, na bado umeshindwa mikononi mwangu. Nisamehe kwa ile ya kwanza. Hii ya pili sikuombi msamaha, lakini imeniuma kuliko ile.

Baba yako


Trondheim, 19 Machi

Baba yangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Nilisikia. Msitu mzima ulisikia. Tiril aliniuliza kwenye simu baadaye kama kulikuwa na mnyama.

Ilikuwa themanini na nane na nusu. Nilijua kabla sijakutazama, na nilipokutazama mkono ulikuwa hapo hapo. Niliondoka haraka kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka Tiril adhani ni kwa ajili yake. Ilibidi nisimamishe gari kwenye kituo cha mafuta mpaka niweze kuona barabara.

Nimeshindwa kwa sekunde tatu, Baba, na zote ni zangu. Nilichelewa kunyanyuka kwenye ukingo, na kwenye mlima wa pili niliogopa kuchoka. Naweza kuzirekebisha. Zile mbili za mwaka jana sikujua nizirekebishe wapi.

Nakuja Ijumaa na skii. Usipike kingi. Ile sahani ya pili, kama bado iko mezani, ioshe, itakuwa na vumbi.

Mwanao,
Sunniva