Diski ya Nyimbo Imegoma

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimejitakia mwenyewe! Kompyuta ilikuwa nzima, ikaomba kuwekewa toleo jipya la Linux, nikakubali. Kuwasha tena — skrini nyeusi, maandishi meupe: hali ya dharura. Haiioni diski ya pili. Humo ndimo zilimo nyimbo zote za kwaya nilizorekodi tangu nistaafu ualimu. Lidia, kiongozi wa kwaya, anazitaka za Pasaka. Nimempigia binti yangu Glorious, Dodoma, anayefanya kazi za kompyuta. Hakupokea. Nimekula dagaa usipa na ugali wa muhogo. Nusu imebaki. Bado napika wa watu wawili.

Jumanne, 4 Machi

Glorious amepiga! Tangu tumzike mama yake hupiga sikukuu tu.

"Shikamoo baba. Umegusa nini tena?"

Kumbe toleo jipya limezibadilisha diski majina, na faili la maelekezo bado lina jina la zamani. Dawa yake ni kuweka namba ya diski, hiyo haibadiliki. Nikaandika amri ya blkid alivyoniagiza, ikaja namba ndefu, herufi na tarakimu. Nikainakili kwenye faili. Imegoma.

"Basi, nitapiga kesho baba."

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Amepiga kweli. Imegoma tena. Akauliza kama paa la jikoni bado linavuja. Akauliza nani ananifulia. Diski tukaisahau kabisa!

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimevaa miwani. Niliandika b pahali pa 8! Nimesahihisha, nikaandika mount -a, amri ya kuunganisha diski. Kimya, haikulalamika. Nikaiwasha upya — nyimbo zote zipo!

Lidia amekuja na flashi, nikamjazia. Alikuwa bado anakunywa chai simu ikaita.

"Baba, imekubali?"

"Bado, mwanangu."

Lidia akaniangalia. Akashusha kikombe.

Ijumaa, 7 Machi

Glorious ameomba ruhusa kazini. Kesho anapanda basi la Songea, Jumapili yuko hapa Ngumbo! Anataka aione hiyo diski kwa macho yake. Nimefagia chumba chake, nimetandika shuka.

Sasa nimekaa mbele ya kompyuta, lile faili la maelekezo liko wazi. Nikimpigia nimwambie kweli, bado ana nafasi ya kuahirisha. Ataahirisha, namjua, kazi zao nyingi. Nisipomwambia, atakuja kukuta diski nzima.

Ile 8 naiona vizuri. Kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta —