Dawa Aliyoiomba Mama

Wodi ya wanawake, Masaka
Jumapili, baada ya chai

Kaka Erisa mpendwa,

Nantongo wangu amempandia bibi yake kitandani sasa hivi, akamvuta sikio, na Mama akacheka. Ndiyo kaka, akacheka! Kwa furaha hiyo pokea salamu zangu. Hujambo huko Juba? Shemeji na watoto wazima? Sisi tunalala mkekani chini ya kitanda cha Mama, na hatulalamiki.

Wiki iliyopita hata shuka lilimuumiza. Kansa imeingia mifupani. Mjukuu akisogea, Mama alimfukuza kwa mkono, halafu akalia kwa kumfukuza. Sista Adong, muuguzi wa wagonjwa wasiopona, akaleta mofini, dawa ya maumivu ya kunywa. Nikamjibu ulivyoniagiza kwenye simu, kwamba dawa hiyo ni ya kumsindikiza mtu kaburini, na Mama asitajiwe kansa. Sista akaniuliza, hivi mwenye maumivu ni kaka yako au ni huyu? 

Sasa Mama anainywa kila baada ya saa nne. Siku ya kwanza alisinzia tu, nikaogopa. Ya pili akaomba matoke, na alipoonjeshwa ya hapa akasema haya bila shaka yamepikwa na wanaume. Jana alikaa kitini barazani, Nantongo mapajani, anawaita wapita njia waje wamwone mjukuu. Jirani wa kitanda akamtania, we mama, si ulikuwa unakufa wewe? Akamjibu ameahirisha, hana nafasi.

Daktari hakunificha, kaka. Ugonjwa upo na utamchukua. Lakini maumivu tumeyashinda.

Sasa nisamehe. Uliponipigia Ijumaa nikakwambia tunangoja ruhusa yako, nilikudanganya. Alikuwa na siku tatu anainywa. Na jina la ugonjwa nimemwambia mimi. Nilipiga magoti, nikamwambia. Akanitazama, akasema amezaa watoto tisa, nilidhani haujui mwili wake? Kisha akasema ilete hiyo dawa, na Erisa akiikataa aje aumwe yeye. Anataka uje upesi, angali na mdomo wa kukugombeza.

Msalimie sana shemeji, watoto uwashike mikono, na ukija usisahau kumletea Mama lile shali la, ngoja kaka, ananiita mwenyewe, tena kwa ile sauti yake ya kutuita kutoka shamba la juu, wodi nzima imegeuka, anasema niache kuandika nikamshike mtoto ame