Kumbe Spika ya Sebuleni

Shoga, nimejifungia chumbani, nacheka huku nalia 😭

Ile kompyuta kuukuu niliyoiwekea programu ya Linux, si unajua nataka imwimbie mtoto akilia? Leo nimerekodi sauti yangu, nikabonyeza. Kimya. Nikaandika amri zote nilizofundishwa darasa la kompyuta la jioni, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikabonyeza tena na tena. Imetulia kama maji mtungini.

Kumbe inaimbia kwenye spika ya sebuleni!! Jana niliiunganisha tupige muziki, nikasahau. Na sebuleni yuko mama mkwe na mtoto, NA WAGENI WAKE!

Wimbo wenyewe nimeutunga mimi: "Lala mwanangu lala, bibi yako anakoroma kama trekta."

KAMA TREKTA, shoga!

Mara mlango ngo ngo ngo. "Wewe mwimbaji, fungua!" Nikafungua, natamani ardhi inimeze. Mama mkwe huyo, mtoto begani, kalala fofofo.

"Mara ya kwanza ulimlaza mtoto," akasema. "Hizo nyingine zote ulikuwa unanibembeleza mimi?"

Kaondoka anaimba trekta. Lakini shoga, mtoto KALALA. Mashine yangu inafanya kazi!!