Aliyekanda Mkate

Al Twar, Dubai
Ijumaa, 2006

Mama mpendwa,

Hujambo? Lile goti limepata nafuu? Ng'ombe amezaa? Mimi mwili mzima, ila roho inachemka, na leo sitakuficha.

Unajua kazi yangu humu ni kukanda. Kila asubuhi nakanda unga wa watu tisa mpaka mabega yanawaka moto. Wakishashiba, napewa mkate wa jana, mgumu, nauchovya kwenye chai. Karibu miaka miwili sasa, na sijalalamika.

Jumanne madam alikuwa na wageni. Nikaonja mkate mmoja ukiwa moto, maana kwetu aliyekanda ndiye huonja, ulinifundisha mwenyewe. Akaniona. Akaniita sebuleni mbele ya wale wanawake: "Mwizi wewe! Nani amekuambia ule kabla ya wageni? Khalas, basi, toka!" Wakacheka. Mama, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni binti yake Mariam akaja jikoni na kamusi. Shuleni wametumwa kutafuta asili ya maneno ya Kiingereza, naye alichagua "lady", kwa kuwa mama yake hupenda kuitwa hivyo. Akanisomea. Kumbe Waingereza wa kale waliunga maneno mawili, mkate na mkandaji, wakapata jina la mwanamke mwenye nyumba. Bwana wake, "lord", alikuwa mlinzi wa mkate. Na mtumishi? Mla mkate. Mariam akatazama mikono yangu imejaa unga, akasema, "Nduku, basi lady ni wewe."

Sikucheka. Hasira ndiyo ilizidi. Hata mtumishi wa hao wazee alijulikana kwa kula mkate wa nyumba; mimi nimekula mmoja, nimeitwa mwizi!

Jana madam alileta karatasi nitie sahihi, miaka miwili mingine. Najua utasema mvumilivu hula mbivu. Usiniambie, Mama. Nimevumilia, na nilichokula ni mikate mikavu. Nimekataa. Mkataba unaisha mwezi ujao, nami narudi.

Nisalimie Mjomba Mutua, fundi wetu wa baiskeli, na dada Mwende na watoto wake wa chekechea. Nyanya mwambie bado naomba maombi yake.

Siku nitakayofika usinipikie. Niwekee unga na maji tu. Nitakanda mwenyewe, na chapati ya kwanza nitaila mimi, hapo hapo jikoni, ingali moto.

Mwanao,
Nduku